Cinque Terre: nenda Septemba

Kama unapanga kwenda Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Italia, nakusihi usiende Agosti. Tarehe 15 ni Ferragosto, sikukuu ya Waitaliano, na treni za kutoka mji jirani wa La Spezia hushona watu hadi mlangoni. Nenda katikati ya Septemba: bahari bado ina joto la kiangazi, zabibu zinavunwa kwenye matuta ya mlimani, na jioni, wageni wa siku moja wakishaondoka, unasikia mawimbi yakipiga mawe ya gati pale Vernazza, kimojawapo cha vijiji hivyo. Raha yake hiyo! Ila usisogeze mpaka mwisho wa Oktoba. Mvua za huko si za mchezo. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yalifukia kwa matope mitaa ya Vernazza na ya kijiji kingine, Monterosso.