Somo: Kuzungumzia hali ya hewa kwa Kiingereza cha kila siku

"Sunny", "rainy" na "cloudy" tulizikariri shuleni, lakini ukisimama na Mwingereza kituo cha basi unakosa la kusema. Kwao hali ya hewa ni kama salamu. Anayekwambia "Cold today, isn't it?" hatafuti taarifa, anakufungulia mazungumzo tu.

Hatua ya 1. Anza na "it". Kwetu mvua ndiyo inanyesha na jua ndilo linawaka. Wao husema "It's raining", "It's really hot". Ukisema "The sun is very hot today" utaeleweka, ila watajua umetafsiri kichwani.

Hatua ya 2. Kubali kwanza, kisha ongeza kidogo. Akisema "Lovely day, isn't it?", jibu: "Gorgeous! Hope it lasts." Usimbishie. Mtu akilalamikia baridi halafu ukamwambia "No, it's not cold", mazungumzo yameishia hapo, hata kama uko sahihi.

Hatua ya 3. Ipime mvua, maana hapa ndipo penye utamu. Matone ya kwanza yanayokufanya utazame juu: "It's spitting." Manyunyu: "It's drizzling." Ikimwagika: "It's pouring." Waingereza wana pia "It's chucking it down", ya kijiweni hiyo, usimwandikie bosi. Ile ya paka na mbwa, "It's raining cats and dogs", iko zaidi vitabuni kuliko midomoni. Na mvua kubwa ni "heavy rain", si "big rain". Upepo mkali ni "strong wind".

Hatua ya 4. Joto na baridi. Fukuto la Dar mwezi wa pili ni "muggy". Asubuhi ya Arusha mwezi wa saba ni "chilly". Ukitetemeka, "It's freezing!" inaruhusiwa, hata kama hakuna barafu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nikisikia baridi niseme "I have cold"?
Hapana, ndugu yangu. Sema "I'm cold." Ukisema "I have a cold" umesema una mafua, na utapewa pole ya mafua.

Wingu limetanda, ni "It will rain" au "It's going to rain"?
Dalili ukiziona kwa macho, "It's going to rain." Fupi na tamu zaidi: "Looks like rain."

Niko Marekani. Wanasema "It's in the nineties", nashindwa kuelewa.
Wanatumia Farenhaiti, dada. Maana yake ni kati ya 90 na 99, na 90 ni kama nyuzi 32 za Selsiasi. Hesabu ya haraka: toa 30, gawa kwa 2. Haitoki sawasawa, ila inatosha kuamua uvae nini.

Na masika je?
"The long rains". Vuli ni "the short rains". Afrika Mashariki zinaeleweka. Kwa mgeni, ongeza "from March to May".