Mashine ya shoti ya fizio: iulize ngozi kwanza kabla hujawasha

Shangazi yangu aliletewa mashine ya shoti na mwanae anayefanya kazi Muscat, kadude kadogo kama redio ya mfukoni, waya mbili, pedi nne za kunata. Sukari anayo miaka mingi na usiku miguu inamuwaka moto, basi akabandika pedi miguuni akawasha. Baadae ananipigia, "Mwanangu hii mashine mbovu, nimepandisha mpaka mwisho sisikii kitu." Nikamwambia shangazi zima, zima sasa hivi nakuja. Nafika nakuta ngozi imekuwa nyekundu sehemu mbili na moja ishatoka lengelenge, pale kwenye ukingo ambapo pedi ilikuwa imebanduka. Mashine ilikuwa nzima kabisa, mguu ndo ulikuwa na ganzi.

Nimeanza na hiyo kwasababu watu wengi wakisikia umeme wanaogopa kufa kwa shoti kama ya ukutani, wakati hizi za betri umeme wake ni mdogo sana, balaa lake kubwa liko kwenye ngozi na kwa mtu mwenye ugonjwa usioruhusu. Kwahiyo nitaeleza navyofanya mimi mtu wa fizio (tiba ya viungo) na navyowaelekeza wagonjwa wangu wakiondoka na mashine nyumbani.

Kwanza jua una mashine gani. Kuna tensi, hiyo ni ya maumivu, inagusa mishipa ya fahamu tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, hisia za kuguswa zikipita nyingi zinabana njia ya maumivu, ndo maana ukijigonga kidole unakisugua bila hata kufundishwa. Alafu kuna ya misuli, inaukaza msuli wenyewe, tunaitumia kwa mtu wa kiharusi ambaye kiganja hakinyanyuki au aliyefanyiwa upasuaji wa goti na paja limesinyaa. Mashine nyingi siku hizi zina zote mbili ndani ya boksi moja, unabonyeza programu, na watu wanabonyeza tu ile inayotetemesha sana wakidhani ndo dawa. Sio.

Nani asiguse kabisa: mwenye betri ya moyo, yaani pesimeka au kile kifaa cha kushtua moyo, huyo asiweke bila daktari wake wa moyo kukubali. Mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu (mguu umevimba upande mmoja, unauma, una joto), usiweke pale. Juu ya saratani hapana, juu ya kidonda au ngozi yenye maambukizi hapana, sehemu iliyopigwa mionzi karibuni hapana. Mjamzito asiweke tumboni wala kiunoni kwa kujiamulia. Mwenye kifafa asianze peke yake nyumbani. Na hata kama ni mzima kama chuma, usiweke mbele ya shingo, pale kuna sehemu inayopima presha na kuna koo, presha inaweza kushuka ghafla au koo likabana. Usiweke kichwani, machoni, wala pedi moja kifuani na nyingine mgongoni ili umeme uvuke moyo.

Ukishapita hapo, sasa ngozi. Hii ndo hatua wanayoiruka wote, hata sisi wenye vyeti tukiwa na foleni ndefu. Chukua kijiti cha meno na kipande cha pamba, mwambie mgonjwa afumbe macho, mguse palepale pedi itakapokaa, mara kijiti mara pamba, changanya usifuate mpangilio, na yeye akuambie kikali au laini. Fanya kama mara kumi hivi. Akichanganya au akikaa kimya, hapo hapawekwi pedi, tafuta sehemu nyingine au achana nayo. Maana kipimo cha mashine hizi ni mdomo wa mgonjwa, hakuna namba ya kusema weka 20 inatosha, sasa kama hasikii atakuambiaje imezidi?

Osha kwa maji na sabuni, kausha. Mafuta ya mgando, dawa ya kuchua, losheni, vyote vitoke. Nywele zikiwa nyingi punguza kwa mkasi, usinyoe kwa wembe muda huohuo, vile vimikwaruzo umeme unavipenda. Bandika pedi ilale yote. Nasisitiza yote, maana pedi ya sentimita 5 kwa 5 ina eneo la sentimita 25 za mraba, ikibanduka nusu umeme uleule unapita kwenye nusu iliyobaki, sawa na basi la mwendokasi mlango mmoja ukigoma kufunguka watu wote wanabanana kwenye ule mwingine. Ngozi ya shangazi iliungua hivyo. Pedi ikikauka idondoshee tone la maji, ikishindwa kunata tupa, na usiibane kwa plasta ukajidai umeokoa hela. Pedi mbili zisigusane, acha angalau sentimita 3 katikati.

Washa nobu (kile kitufe cha kupandisha na kushusha umeme) ikiwa sifuri. Kwa tensi ya kawaida weka hezi (yaani mipigo kwa sekunde) 80 mpaka 100, upana wa mpigo, yaani kila mpigo unadumu muda gani, maikrosekunde (sekunde moja ukiigawa mara milioni) 50 mpaka 200, alafu pandisha polepole mpaka mtu asikie kama sisimizi wanatembea kwa nguvu lakini hawamuumi. Msuli ukianza kuruka umezidisha, shusha. Baada ya dakika chache mwili unazoea, unaweza kuongeza kidogo, ila kidogo kweli. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kuanzia. Mgonjwa akisema panachoma sehemu moja kama sindano, usimwambie vumilia, shusha mpaka sifuri ndo ubandue pedi uangalie. Kubandua au kuhamisha pedi umeme ukiwa juu ndo ile anaruka kitandani na hataki tena fizio maisha yake yote.

Ya misuli ni hezi 30 mpaka 50, na lazima ipumzike, mfano sekunde 10 inakaza, sekunde 30 mpaka 50 imelala, mikazo 10 hadi 15 kwa siku ya kwanza. Mwambie mgonjwa ajitahidi kunyanyua kiganja pamoja na mashine asilale tu kama mzigo. Msuli kuuma kesho yake ni kawaida, ila mkojo ukiwa rangi ya kola nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa wale wa mashine za mwili mzima za kutengeneza sikspeki, wameshazidisha mpaka misuli ikaharibika.

Usiitumie ukiwa unaoga, umelala au unaendesha bodaboda, na usiichomeke chaji pedi zikiwa mwilini. Kliniki zenye mashine kubwa za ukutani, umeme ukikatika rudisha nobu sifuri kabla haujarudi, sio baada. Na mgonjwa mwenye waya za tensi asikae karibu na mashine ya joto ya mawimbi mafupi ikiwa inafanya kazi, mawimbi yanaingia kwenye waya, weka chumba kingine ikiwezekana.

Ukimaliza angalia ngozi. Wekundu wa saa moja hivi sio shida, ukikaa zaidi au kukiwa na lengelenge simamisha na umuone fizio wako. Pedi moja mtu mmoja, rudisha kwenye plastiki yake weka sehemu ya ubaridi.

Shangazi mguu ulipona baada ya wiki kama mbili. Mashine bado anayo, saa hizi anaiweka gotini maana gotini mtihani wa kijiti alipata kumi kwa kumi, na pedi zake zinakaa kwenye friji pembeni ya mchicha, wajukuu wote wameshaonywa.