Kumvalisha mzee miwani ya VR: ninavyofanya hapa Mwanza

Ninahudumia wazee katika makazi fulani hapa Mwanza. Kwa muda sasa tunatumia miwani ya VR, ile inayomfanya mtu aone mahali pengine pande zote akiwa kitini. Haitibu sonona, wala haifuti upweke wa mzee ambaye wanawe hawaji. Nilichokiona ni kwamba mzee aliyenyamaza wiki nzima, akiona mahali anapopajua, huanza kusimulia. Masimulizi hayo ndiyo ninayoyatafuta.

Hatua ya 1: Kaa naye kwanza, miwani ibaki kabatini

Shikamoo, kigoda, kikombe cha chai. Muulize alikulia wapi, alifanya kazi gani, na kitu gani hapendi kukiona tena. Hilo la mwisho niliwahi kuliruka. Nikamwekea bibi mmoja video ya ziwa limetulia jioni, nikidhani kila mtu akiona maji moyo hutua. Akang'ang'ania mikono ya kiti, akatetemeka. Mwanawe alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani, Mei 21, 1996. Huku kwetu usilichukulie ziwa kuwa burudani ya kila mtu; MV Nyerere nayo ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na wenye majonzi bado tunao.

Hatua ya 2: Jua nani asivae

Mwenye kifafa, mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa macho: asivae mpaka daktari aseme. Mwenye betri ya moyo vilevile, kwa sababu baadhi ya vifaa hivi vina sumaku. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuvaa, lakini huenda akaamini yuko huko kweli, basi awepo mtu anayemzoea.

Hatua ya 3: Rekodi ya nyumbani

Video za mtandaoni zimejaa Paris na papa wa baharini. Babu wa Magu atafanya nini na papa? Sisi tuliazima kamera ya nyuzi 360, tukarekodi soko la Mwaloni Kirumba asubuhi, gati la kivuko cha Kamanga, na ngoma za Bujora.

Kamera isitembee hata kidogo. Ikitembea, macho yanauambia ubongo "tunakwenda" huku sikio la ndani likisema "tumekaa", na mzee anashikwa kichefuchefu. Ndiyo maana kivuko tulikirekodi tukiwa nchi kavu.

Stendi nayo iwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, kama mita 1.1 au 1.2. Mara ya kwanza niliiweka kwenye kimo changu, babu mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona umenipandisha juu ya mti?"

Omba ruhusa kwa watu watakaoonekana. Na kwa kuwa kamera hiyo inaona pande zote, wewe mwenyewe tafuta pa kujificha. Mimi nilichutama nyuma ya matenga ya dagaa, nikatoka nanuka mpaka jioni. Pakia video kwenye miwani mapema, usitegemee bando wala umeme.

Hatua ya 4: Kumvalisha

Kiti kiwe na mikono, kisiwe na magurudumu. Mpe miwani aishike na kuigeuzageuza kabla ya kuvaa. Mwambie, "Babu, ukisema basi, naivua saa hiyohiyo," na uivue kweli. Weka mkono begani kwake tangu mwanzo, maana ukimgusa ghafla akiwa hakuoni atashtuka. Picha irushe kwenye tableti ili uone anachokiona.

Siku ya kwanza dakika 3 zinatosha. Sijawahi kuzidisha 10. Akianza kutoka jasho, kupiga miayo au kumezameza mate, vua.

Hatua ya 5: Usiondoke

Hapa tenga nusu saa. Babu mmoja aliyewahi kuuza dagaa alipovua tu miwani alifoka: "Yule mama anawapunja! Sado yake imebonyezwa kitako!" Wenzake wakasogeza viti, wakabishana kuhusu vipimo vya sokoni mpaka chakula cha jioni kikapoa. Mimi nilinyamaza, nikaandika kwenye daftari: hali yake kabla, hali yake baada, aliyoyasema. Kesho yake niliongeza alivyolala.

Hatua ya 6: Usafi na kuhifadhi

Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spiriti inaziharibu. Sponji inayogusa uso iwe na kifuniko, na kila mzee awe na chake.

Usiiache dirishani. Jua likipita kwenye lenzi huunguza skrini ya ndani. Yetu niliisahau juani mchana mmoja, ikapata doa la njano, na kila unakogeuka linakufuata. Yule babu wa dagaa akivaa huniuliza kwa nini siku hizi Kirumba kuna majua mawili.