Kizibao cha mistari kwa vitanzi vya kuhamisha

Uzuri wa mshono huu ni kwamba unatoa nakshi ya rangi mbili, lakini katika kila safu unashika uzi mmoja tu. Kitanzi cha rangi ya chini hakifumwi. Kinahamishwa kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia, kinavutika juu na kukatiza mstari wa rangi ya pili. Anayejua kitanzi cha kawaida na cha kinyume anauweza.

Tuseme wazi kuhusu hali ya hewa kwanza. Vitanzi vya kuhamisha hutoa kitambaa kizito kuliko ufumaji wa kawaida, na Dar es Salaam haina baridi ya kukitaka kwa mwaka mzima. Kwa hiyo chagua uzi wa pamba. Kizibao cha pamba unakivaa asubuhi za Juni hadi Agosti, na ukisafiri kwenda Lushoto au Njombe unakivaa juu ya shati la mikono mirefu. Akriliki ndiyo rahisi kupatikana madukani, nayo haina ubaya kwa mtoto anayesoma bara kwenye baridi, ila kwa joto la pwani inakaa na jasho mwilini.

Ukienda Kariakoo, tafuta pamba ya unene wa kati, donge la gramu 50 lenye urefu wa mita 110 hivi. Nunua madonge 5 ya rangi ya msingi na 3 ya rangi ya pili. Rangi ya pili huliwa kidogo kwa sababu nusu ya vitanzi katika safu zake havifumwi. Donge la tatu ni la majaribio na akiba. Soma lebo uhakikishe madonge yote ya rangi moja yana namba moja ya upakaji rangi. Dukani tofauti haionekani, lakini kifuani itaonekana. Chukua sindano namba 4.5 (unene kwa milimita) za kufumia mwili na 3.5 za mapindo. Mikono ikitoa jasho, za mianzi zinashikika vizuri zaidi kuliko za alumini. Rangi ya msingi isiwe nyeusi kama unafuma usiku kwa taa hafifu, maana hutaviona vitanzi.

Kabla ya yote, lowanisha kipande cha kila uzi na ukibane ndani ya kitambaa cheupe. Nyekundu na buluu nzito ndizo zinazochuja mara nyingi. Uzi unaochuja usiuweke jirani na rangi ya maziwa.

Fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 35, kifue, kikauke, ndipo upime. Vipimo vya hapa vinataka vitanzi 22 na safu 36 kwa kila sentimita 10. Safu ni nyingi kuliko ulivyozoea kwa sababu kitanzi kilichohamishwa kinazivuta zikaribiane. Ukipata vitanzi 24, panda hadi sindano namba 5. Usijidanganye kwamba utalegeza mkono: mkono unarudi kwenye tabia yake baada ya safu kumi.

Hesabu hii ni ya kifua cha sentimita 92. Nguo ikiisha itakuwa na mzunguko wa sentimita 99 hivi. Mgongo: kwa sindano 3.5 na rangi ya msingi, anzisha vitanzi 111. Fuma pindo la sentimita 6, kitanzi kimoja cha kawaida, kimoja cha kinyume. Hamia sindano 4.5, fuma safu mbili wazi, yaani bila kuhamisha kitanzi, kisha ingia kwenye nakshi ya safu 8:

Safu ya 1 (rangi ya pili, upande wa nje): fuma 1, *hamisha 1, fuma 1*, rudia kati ya nyota hadi mwisho.
Safu ya 2 (rangi ya pili): vilivyofumwa vifume kinyume, vilivyohamishwa vihamishe tena.
Safu ya 3 na 4 (rangi ya msingi): zote wazi, ya 3 kawaida, ya 4 kinyume.
Safu ya 5 (rangi ya pili): fuma 2, *hamisha 1, fuma 1*, rudia, malizia kwa fuma 1.
Safu ya 6: kama ya 2.
Safu ya 7 na 8: kama ya 3 na 4.

Sasa tulia hapa kidogo, maana kazi nyingi huharibikia kwenye kuhamisha. Ingiza sindano ya kulia kana kwamba unafuma kinyume. Ukiingiza kwa namna ya kawaida, kitanzi kinajisokota na mistari inakuwa na meno. Uzi nao ukae upande wa ndani wa nguo siku zote: kwenye safu za nje uko nyuma ya sindano, kwenye safu za ndani uko upande wako. Ukisahau, utaona kikamba kidogo cha rangi kimelala mbele ya kitanzi kirefu. Tatu, usivute uzi baada ya kuhamisha. Tandaza kwanza vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia, ndipo ufume kinachofuata. Kitambaa kinachojikunja na kukataa kulala mezani kina ugonjwa huo, na kufua hakutauponya. Fumua.

Ukipotea, usihesabu, soma kitambaa. Juu ya kitanzi kirefu, fuma. Juu ya kitone cha rangi ya pili, hamisha. Vitanzi vya pembeni havihamishwi kamwe. Kanuni hii itakuokoa kwenye makwapa, ambako kupunguza kunasogeza mwanzo wa safu.

Uzi usiotumika usiukate. Upandishe pembeni, ukiuzungusha mara moja na mwenzake kila unapobadilisha rangi, bila kukaza.

Baada ya safu 106 za nakshi utakuwa umemaliza safu ya 2. Katika safu ya 3 na ya 4, funga vitanzi 6 mwanzoni mwa kila moja: vinabaki 99. Kisha punguza kimoja kila upande katika kila safu ya nje ya rangi ya msingi, mara 7. Vinabaki 85. Endelea hadi kwapa lifike safu 88, kisha acha 22 kila bega na 41 vya shingo.

Kifua ni sawa na mgongo mpaka vitanzi 99. Hapo weka kitanzi cha katikati kwenye pini na fuma kila upande peke yake. Pamoja na kupunguza kwapa, punguza kimoja shingoni kila safu ya nne, mara 20. Bega linabaki na 22.

Unganisha mabega, kisha okota vitanzi vya shingo na makwapa kwa sindano 3.5: vitanzi 2 kwa kila safu 3. Ukiokota kimoja kwa kila safu, pindo litapepea kama rinda. Fuma safu 7 za pindo, na kwenye ncha ya V punguza kila upande wa kitanzi cha pini kila baada ya safu moja. Funga kwa kulegeza. Mbavuni shona ukiwa upande wa nje, mstari ukikutana na mstari wake.

Fua kwa maji baridi, kamua ndani ya taulo, tandaza kwenye mkeka kivulini na uvute hadi kifikie vipimo. Usikianike kwenye kamba. Pamba iliyolowa ni nzito na itarefuka. Wakati wa masika kiweke karibu na feni, la sivyo kitanuka uvundo kabla hakijakauka.