Kuchagua Wahusika wa Gemu ya Mapigano ya Mseto: Anza na Pigo, Jina Lifuate

Waulize vijana kwenye kibanda chochote cha gemu pale Umoja au Kayole nani aingizwe kwenye gemu inayokutanisha mashujaa wa hadithi mbalimbali. Utapewa majina hadi daftari lijae. Mipango mingi ninayoonyeshwa hapa Nairobi hukwama papo hapo: orodha ni ndefu, kila aliyemo ni maarufu, na wote wanapiga ngumi ileile. Mimi hufuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Mwandike kila mhusika kama swali

Kabla ya kuchora chochote, jibu kwa sentensi moja: mpinzani akikutana na huyu, atalazimika kufanya nini asichokifanya kwa wengine? Majibu mawili yakifanana, mmoja anatoka.

Mchukue Lwanda Magere wa Wajaluo. Mwili wake ni jiwe, mkuki haumwingii, uhai wake uko kwenye kivuli. Usimwongezee nguvu tu ukadhani umemaliza. Mfanye asiumie mwilini hata kidogo. Anayetaka kumwangusha alenge kivuli. Hapo jua la ulingoni linakuwa silaha. Adhuhuri kivuli kimejikunja miguuni na kukipata ni kazi. Jioni kimetandaa hadi upande wa pili. Anayemchezea atajifunza pa kusimama, mpinzani atajifunza kutazama chini, na yote hayo yametoka ndani ya simulizi yenyewe.

Fumo Liyongo wa pwani ni hodari wa upinde, na kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni. Swali lake ni la umbali: utaipenyaje mishale, na ukishafika utaipataje ile nukta ndogo? La Mekatilili wa Menza ni la muda. Mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu ili wawakatae Waingereza, basi kila ngoma inavyozidi kulia bila kukatizwa, nguvu zake zipande. Huyu aliishi kweli. Pigo lolote la kumdhalilisha ili watazamaji wacheke silikubali.

Hatua ya 2: Usimfukuze mtu kwa kuwa si mpiganaji

Masahiro Sakurai, mbunifu wa Super Smash Bros. (gemu ya Nintendo inayopiganisha wahusika wa gemu mbalimbali), alimwacha nje yule mwanakijiji wa Animal Crossing, gemu ya maisha tulivu ya kijijini, katika toleo la 2008 kwa kuona hafai kupigana. Toleo la 2014 likamwingiza: anapanda mti, anaumwagilia, anaukata umwangukie mpinzani, na silaha anazorushiwa anazitia mfukoni. Kazi zake za kila siku ndizo zikawa mapigo. Kwa kipimo hicho, kondakta wa matatu anayening'inia mlangoni ana nafasi kubwa kuliko mwanajeshi wako wa tano.

Hatua ya 3: Tafuta ruhusa mapema

Katika kura ya mashabiki wa Smash ya 2015, Sora wa Kingdom Hearts, gemu yenye wahusika wa Disney, ndiye aliyeombwa zaidi. Aliingia Oktoba 2021, baada ya mazungumzo na Disney. Ikiwa Nintendo yenyewe ilisubiri hivyo, usimchore mhusika wa kampuni nyingine kwa matumaini tu.

Simulizi za jadi nazo zina wenyewe. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa jamii haki juu ya urithi wao, na ridhaa yao inahitajika. Nenda kwa wazee kabla ya kuchora. Mbali na ruhusa, watakurekebisha vazi, silaha na jinsi shujaa anavyoitwa, mambo ambayo ni ghali kubadilisha baadaye.

Hatua ya 4: Pima uzito wake kwenye mashine

Katika Smash, Ice Climbers ni wapanda milima wawili wanaotembea pamoja. Waliachwa katika toleo la 2014 kwa sababu Nintendo 3DS, mashine ndogo ya gemu ya mkononi, haikuwamudu, wakarudi 2018. Jaribu kwenye kifaa dhaifu kuliko vyote unavyolenga, na hapa kwetu hicho huwa simu. Bajeti ikibana, mwili mmoja unaweza kubeba watu wawili: Ganondorf wa Smash ya mwaka 2001 alijengwa juu ya mapigo ya mhusika mwingine, Captain Falcon. Fanya hivyo kwa wachache, na badilisha angalau kasi na uzito.

Hatua ya 5: Wajaribu wakiwa masanduku

Wape wahusika maumbo ya kijivu yasiyo na sura wala jina, upeleke kompyuta kibandani, na ulipie muda wa mashine kama mteja mwingine. Usiulize nani amependwa. Watakujibu kwa adabu. Angalia mchezaji aliyeshindwa anarudia sanduku lipi, na sanduku lipi linaachwa hata na anayelishindia. Hilo la pili liondoe, hata kama ulikuwa umelitengea jina kubwa kuliko yote kwenye orodha.