Somo: Kuvaa gho ya Bhutan bila kuadhirika

Wadau, wiki jana niliweka picha yangu ya zamani nikiwa nimevaa vazi la wanaume wa Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya, maswali yakamiminika. Mmoja aliuliza kama nilikuwa nacheza judo. Mwingine akasema hiyo ni kanzu iliyorukwa na mafuriko. Basi leo nalileta somo lenyewe, kama nilivyofundishwa na mwenzangu wa chumba, Mbhutani, tulipokuwa wanafunzi Bangalore. Wanafunzi wa Kibhutani husoma India kwa wingi, kama tulivyokuwa wengi sisi wa Afrika Mashariki, na hostelini watu hujifunza mambo ambayo hayamo kwenye silabasi.

Vazi linaitwa gho, na hutamkwa karibu na "go". Ni joho pana lililo wazi mbele kutoka shingoni hadi chini. Ukilivaa tu bila kulifunga linakufika miguuni. Linapandishwa hadi magotini, linakunjwa marinda mawili mgongoni, kisha linafungwa kiunoni kwa mkanda wa kufumwa uitwao kera. Ukilitundika kwenye hanga halina umbo. Umbo unalitengeneza mwilini, kila unapolivaa, ndiyo maana watu wawili wenye gho za kitambaa kimoja wanaweza kuonekana mmoja waziri na mwingine mlevi.

Wabhutani wenyewe hulihusisha vazi hili na Zhabdrung Ngawang Namgyal, kiongozi wa dini aliyetoka Tibet na kuingia Bhutan mwaka 1616, akaiunganisha nchi. Alitaka watu wake watambulike mbali na Watibeti. Watibeti wana joho lao, chuba, na ukiyaweka mawili hayo bega kwa bega utaona undugu. Ila la Bhutan limepanda magotini.

Kabla hujaanza

Andaa kaptula (siku za baridi, suruali ya kubana ya ndani), fulana, soksi ndefu za kufika chini ya magoti, viatu vya ngozi, gho yenyewe na kera. Utahitaji pia tego, yaani shati la ndani ambalo mikono yake ina pindo pana jeupe liitwalo lhagey. Na tafuta mtu wa kukusaidia. Hili la mwisho usilipuuze. Wazoefu hujivalisha wenyewe, lakini mgeni ana mikono miwili na kazi ni ya mikono minne.

Hatua ya 1. Ingiza mikono ya tego ndani ya mikono ya gho kabla hujavaa, halafu vivae vyote kwa pamoja kama koti moja. Ukianza na tego peke yake, shati litajikunja kwapani na utahangaika nalo siku nzima. Kisha kunja lile pindo jeupe lirudi juu ya mkono wa gho. Liwe safi. Weupe ule ndio unaoonekana kwanza unapompa mtu mkono.

Hatua ya 2. Funga mbele: upande mmoja ndani, wa pili upite juu yake, kola zikutane zikiwa na umbo la V chini ya koo. Ukitaka kujua kama umepatia, jaribu kuingiza mkono wa kulia kifuani. Ukiingia moja kwa moja bila kukwama, endelea. Sababu utaiona hatua ya 6.

Hatua ya 3. Shika nguo pande zote mbili, usawa wa nyonga, uinue yote kwa pamoja hadi pindo la chini lifike magotini. Mwambie msaidizi asimame hatua tatu nyuma na akuambie kama pindo liko sawa kuzunguka. Wewe ukiinama kuangalia, limeshaharibika.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye ufundi wote. Bado umelishikilia, vuta kitambaa kilichozidi pembeni kukielekeza mgongoni, kulia na kushoto, ukilaze kiwe marinda mawili marefu yanayolingana. Yasiwe vifundo wala mikunjo midogo midogo kama sketi ya shule. Ni mikunjo mipana miwili inayoshuka wima kama milango miwili iliyofungwa. Mwenzangu alikuwa akinizungusha, ananiangalia mgongo, anaguna, anafungua, tunaanza upya. Nilimwuliza kwa nini tusumbuke na nyuma ambako mimi mwenyewe sipaoni. Akasema huko ndiko watu wazima watakakokuangalia ukishapita.

Hatua ya 5. Msaidizi akiwa ameyabana marinda kwa viganja, zungusha kera kiunoni na ukaze. Nasema ukaze. Jifunge kibwebwe hasa, kama mwanamke anayeingia ngomani. Hakuna kifungo, hakuna zipu. Uzito wote wa joho lile unaning'inia kwenye mkanda huu. Ukiweza kuvuta pumzi kwa raha, umelegeza.

Siku ya Taifa lao ni tarehe 17 Desemba, siku aliyotawazwa mfalme wa kwanza, Ugyen Wangchuck, mwaka 1907. Mwaka mmoja, siku hiyo ilipofika, nikajiona nimehitimu, nikajivalisha peke yangu. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, nikahisi upepo. Kera ilishalegea. Simu ikadondoka, funguo zikafuata, kisha chungwa, na joho likashuka hadi miguuni mbele ya wazee wa watu. Ashukuriwe aliyenishauri kuvaa kaptula.

Hatua ya 6. Mkanda ukishakaza, vuta kitambaa cha kifuani kidogo kidogo kije juu ya kera mpaka kiufunike na kutengeneza tumbo mbele. Tumbo hilo ni mfuko, unaitwa hemchu. Wabhutani hutania kwamba ni mfuko mkubwa kuliko yote duniani, na mimi sibishi. Zamani mtu alibeba humo bakuli lake la mbao la kulia, na doma. Doma ni nini? Ni tambuu. Ni jani lile lile, popoo ile ile, chokaa ile ile aliyokuwa nayo bibi yako kwenye kijaluba chake Lamu au Unguja. Nilipomwona mwenzangu anatoa kifurushi hicho kifuani niliona kama niko nyumbani. Siku hizi hemchu hubeba simu, faili la ofisi, na nimewahi kuona kompyuta mpakato ndogo ikitolewa humo.

Hatua ya 7. Ukienda kwenye dzong, yaani ngome ambayo ndani yake mna ofisi za serikali na nyumba ya watawa, au kwenye sherehe rasmi, ongeza kabney. Ni kitambaa kirefu kinachoanzia bega la kushoto na kushukia nyonga ya kulia. Usichague rangi kwa kupenda. Ya manjano ni ya Mfalme na ya Je Khenpo, mkuu wa watawa. Ya chungwa ni ya mawaziri, ya buluu ya wabunge, ya kijani ya majaji, nyekundu ya waliotunukiwa cheo cha dasho. Raia wa kawaida ni nyeupe yenye matamvua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Naweza kufanyia mazoezi kanzu yangu ya zamani?

Haifai, kaka. Kanzu imefungwa mbele, huwezi kuipishanisha. Tafuta joho la taulo kama lile la hotelini, lakini refu na pana kukuzidi saizi mbili. Ule mkanda wake wa taulo utupe mbali, unateleza. Tumia kipande cha kitambaa cha pamba kigumu, urefu wa kukuzunguka zaidi ya mara moja. Hatua ya 4 utaielewa vizuri kabisa.

Mwanachama wa Mombasa: Sisi tumelelewa kusitiri magoti. Mtu akikaa kitako si itakuwa aibu?

Ndiyo maana soksi ni ndefu. Na kukaa kwenyewe kuna adabu yake: unakusanya pindo la mbele kwa mkono kabla hujakaa, unaliweka katikati ya mapaja, magoti hayaachani. Mwenzangu alikuwa mkali wa hili kuliko mwalimu wa madrasa. Ukivaa suruali ndefu ndani wakati wa baridi hakuna atakayekushangaa. La kuswalia nalo, shekhe wangu, muulize ustadhi wako. Mimi ni mtu wa marinda tu.

Mwanachama wa Unguja: Wanawake je? Khanga zangu zitatosha?

Wanawake huvaa kira, dada yangu, na hapo ndipo ufumaji wenyewe ulipo. Kira nzima ni kitambaa cha mstatili, takriban mita 2.5 kwa 1.5, chenye vipande vitatu vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu. Hakikatwi, hakina mkono wala shingo. Kinazungushwa mwilini juu ya blauzi ya ndani iitwayo wonju, ncha za juu za mgongoni zinapitishwa mabegani na kubanwa kwa vishikizo viwili vya fedha viitwavyo koma, kisha kera kiunoni. Juu yake koti fupi, nalo huitwa tego, na pindo la mikono ya wonju hurudishwa juu ya koti.

Khanga moja ina kama mita 1.5 kwa 1.1. Doti isiyokatwa inakupa urefu wa kujizungusha, tena unazidi, ila kimo ndicho kinachokutupa: kutoka begani, mita 1.1 itakuishia ndama, na kira inapaswa kugusa vifundo. Lakini wasichana wengi siku hizi huvaa nusu kira, inayoanzia kiunoni kama sketi ya kufunga. Hiyo khanga yako itaiweza.

Mwanachama wa Nairobi: Ghali kiasi gani? Na hizo nakshi zimedariziwa?

Bei inategemea nani kafuma na nini. Kuna za kiwandani, nyingi zinatoka India, ambazo mwanafunzi anaweza kununua. Yangu ilikuwa hiyo. Za mkono ni dunia nyingine. Mfumaji huketi chini, mkanda wa kitanda cha kufumia umemzunguka kiunoni, na yeye mwenyewe kwa kuegemea nyuma ndiye anayeukaza mtande, yaani nyuzi za urefu. Nakshi zinazoonekana kama darizi si darizi. Ni nyuzi za ziada anazoziingiza kwa kidole pamoja na mshindio, yaani uzi unaopita upana, mstari baada ya mstari. Kitambaa mashuhuri zaidi cha namna hiyo ni kushuthara, na kijiji cha Khoma, wilaya ya Lhuentse kaskazini mashariki, kinajulikana kwacho. Kira moja ya kushuthara huchukua miezi mingi, nyingine karibu mwaka. Ukitajiwa bei usiruke, gawanya kwa siku.

Kuna pia bura, hariri isiyong'aa, ya mashariki ya nchi. Napenda habari yake: nondo wa aina ya eri huacha tundu kwenye kifukofuko anapotoka, kwa hiyo nyuzi husokotwa kama pamba badala ya kuvutwa kutoka kifukofuko kilichochemshwa na mdudu ndani. Kwa Mbuddha anayeogopa kuua, hilo si jambo dogo. Bumthang, ambako ni baridi zaidi, kuna yathra ya sufu, nzito kama blanketi la Mmasai.

Mwanachama wa Ohio, asili ya Kivu: Majirani zangu hapa wanasema wametoka Bhutan, lakini sijawaona na gho hata mara moja. Wazee wanavaa kofia za rangi rangi, wanaongea Kinepali.

Umeuliza jambo zito, na nashukuru. Hao ni Lhotshampa, watu wa kusini mwa Bhutan wenye asili ya Kinepali. Vazi lao la kiume ni daura suruwal, shati la kufunga kwa kamba na suruali ya kubana miguuni, na kofia unayoiona ni topi ya kitambaa cha kufumwa kiitwacho dhaka. Mwaka 1989 amri ya kifalme ilitaka raia wote wavae gho na kira hadharani, pamoja na hao wa nyanda za joto ambao hawakuwahi kuyavaa. Lilikuwa mojawapo ya mambo kadhaa, uraia na lugha vikiwa vikubwa zaidi. Yaliishia kwa watu zaidi ya 100,000 kuishi miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi za mashariki mwa Nepal, kabla ya wengi wao kuhamishiwa nchi nyingine, hasa Marekani, kuanzia mwaka 2007.

Kwa hiyo ndugu yangu, wewe unayejua kambi ni nini, usiende kwa yule mzee na picha yangu ukamwuliza mbona yeye havai hivi. Mwulize kofia yake imefumwa wapi.

Mwanachama wa Dodoma: Inafuliwaje?

Ya kiwandani, kama nguo nyingine. Ya mkono usiitie kwenye mashine. Maji baridi, sabuni laini, usiikamue, ianike kivulini ikiwa imegeuzwa. Na kabla hujailoweka, pitisha mkono kwenye hemchu. Niliwahi kufua pasipoti.