Kumsaka mbu wa maji chumvi pwani: hatua kwa hatua

Uliza watu wa pwani mbu wanazaliwa wapi, utatajiwa makopo, matairi, mitaro na madimbwi ya mvua. Mikoko haitajwi, kwa sababu wengi wanaamini maji chumvi hayazai mbu. Yanazaa. Yupo mbu wa jamii ya Anopheles, ndugu wa karibu wa mbu anayeeneza malaria kwa wingi Afrika, ambaye viluwiluwi wake wanaishi vizuri kwenye maji yanayowaua ndugu zake. Jina lake la kitaalamu ni Anopheles merus. Anapatikana pwani ya Kenya, Tanzania na visiwa vyake, Msumbiji hadi Afrika Kusini, na huko kusini ameonekana hata bara, kwenye madimbwi yenye chumvi ya asili.

Mwongozo huu ni kwa wahudumu wa afya ya jamii, wanafunzi wa afya ya mazingira na wenye majaruba ya chumvi wanaotaka kujua kama eneo lao linamzalisha. Nimeuandika kwa jinsi tunavyofanya kazi hii huku pwani. Ukishika jambo moja tu humu, lishike hili: soma mwezi kabla ya kushika kata.

Hatua ya 1: Panga siku kwa mwezi na bamvua

Kosa linaloharibu kazi nyingi za namna hii ni kwenda siku yoyote ile gari likipatikana. Ukienda bamvua (maji kujaa kuliko kawaida) likiwa limepamba moto, madimbwi yote yamesombwa. Ukienda baada ya jua kukausha, utakuta tope na kaa. Kisha unaandika kwenye ripoti "hakuna mazalia", kumbe wiki iliyopita palikuwa na maelfu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Maji yanapanda hadi nyuma kabisa ya mikoko, yanajaza mabonde madogo, kisha yanarudi na kuacha madimbwi. Siku zinazofuata ni za maji mafu; bahari haifiki tena huko juu. Hapo ndipo mbu jike anapotaga juu ya maji. Kwa joto letu la pwani, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 9 hadi 12, na kati ya bamvua moja na linalofuata ni kama siku 14 au 15. Unaona jinsi nafasi ilivyomtosha.

Kwa hiyo nenda siku ya 5 hadi ya 9 baada ya kilele cha bamvua. Viluwiluwi watakuwa wakubwa vya kutosha kuonekana kwa macho, na wengi hawajawa pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu anayeruka. Kama huna jedwali la maji kujaa na kupwa, muulize mvuvi yeyote. Hesabu anayo kichwani.

Si kila bamvua lina nguvu sawa. Yale ya Machi na Septemba ndiyo yanayofika mbali zaidi. La Machi linakutana na mwanzo wa masika, na huo ndio wakati wa kuwa macho: bahari inajaza dimbwi, mvua inapunguza ukali wa chumvi, na viluwiluwi wanaongezeka. Maji yakiwa makali mno hata huyu hustawi kidogo.

Hatua ya 2: Tafuta mstari wa bamvua, kwa kuuliza kwanza

Usiingie mikokoni moja kwa moja. Anza na mtu anayekaa hapo. Mazungumzo huwa mafupi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mzee, bamvua likijaa maji hufika wapi?"

"Yanafika pale kwenye mchu ule mfupi. Yakirudi yanaacha dimbwi, siku kumi halikauki."

Jibu la namna hiyo linakuokolea asubuhi nzima. Ukanda unaoutafuta ni wa nyuma ya msitu wa mikoko, upande wa nchi kavu: michu iliyodumaa na mikandaa (zote ni aina za mikoko), kisha uwanda mtupu wenye ukoko mweupe wa chumvi. Mbele, kwenye mikoko yenyewe inayooshwa na maji kila siku, usipoteze muda. Maji yanayoingia na kutoka mara mbili kwa siku hayampi kiluwiluwi nafasi, na samaki wadogo wanaokuja nayo wanamaliza kinachobaki.

Usisahau sehemu zilizotengenezwa na watu: majaruba ya chumvi yaliyoachwa, mitaro ya kuingizia maji iliyoziba, mashimo ya udongo kandokando ya kuta, alama za matairi na nyayo za ng'ombe. Jaruba linalofanya kazi, lenye maji mazito ya chumvi karibu na kuganda, si tatizo. Lililotelekezwa na kuchanganyika na maji ya mvua ndilo la kuangalia. Omba ruhusa kwa mwenye jaruba kabla ya kukanyaga kuta zake. Kuta za udongo zinabomoka, na utakosa rafiki.

Hatua ya 3: Chota ipasavyo

Vifaa ni vichache: kata nyeupe ya plastiki ya mililita 350 yenye mpini mrefu, sinia jeupe, pipeti, chupa zenye vifuniko, penseli na daftari. Kama mradi wenu una refraktomita ya kupimia chumvi, ichukue. Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Namba ya dimbwi lako utaipima kwa kulinganisha na hiyo.

Simama upande ambao kivuli chako hakiangukii majini. Viluwiluwi wakihisi kivuli au mtikisiko wanazama, na unaweza kuapa kwamba dimbwi ni tupu. Subiri dakika chache, kisha ingiza kata ikiwa imeinama, pembeni mwa dimbwi, penye majani yaliyooza au mizizi ya mchu. Katikati penye mawimbi hakuna kitu. Chota mara 10 kwa dimbwi la kawaida, ukihama kidogo kila mara, na andika idadi ya kila mchoto, hata sifuri. Sifuri nayo ni taarifa.

Ukiwahamisha kwenye chupa, tumia maji ya dimbwi hilohilo. Mtu akiwamwaga kwenye maji ya bomba atafika maabara na mizoga. Acha nafasi ya hewa, legeza kifuniko, weka kivulini.

Hatua ya 4: Mtambue akiwa bado majini

Mimina mchoto kwenye sinia, tulia, utazame. Kiluwiluwi wa Culex au Aedes, jamii nyingine za mbu, ananing'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu ana mrija wa kupumulia mkiani. Wa Anopheles hana mrija. Analala bapa, sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Sogeza jicho karibu utaona jambo la ajabu: anapokula, anageuza kichwa chake nusu duara kamili, mgongo ukiwa juu na mdomo ukiwa juu pia, ili azoe chakula kwenye ngozi ya maji. Kisha anakirudisha. Hakuna kiluwiluwi wa Culex anayefanya hivyo.

Lakini hapa macho yanaishia. Huwezi kumtenga *merus* na ndugu zake wa maji yasiyo na chumvi, *gambiae* na *arabiensis*, kwa kutazama, na usimwamini anayekuambia anaweza. Kuna njia mbili.

Ya zamani ilitumika pwani yetu miaka ya 1950 na haihitaji umeme. Chukua mbu jike mwenye mayai, mwache atage, mayai yaanguliwe. Watoto wa siku ya kwanza watie kwenye maji yenye sehemu 3 za maji ya bahari na 1 ya maji baridi (yasiyo na chumvi), kwa saa 2. Wa maji baridi watakufa. Wa maji chumvi watabaki wakiogelea. Kumbuka kwamba *merus* anaweza kukulia kwenye maji baridi pia, hivyo kumkosa kwenye dimbwi la chumvi hakumaanishi hayupo kijijini.

Ya pili ni PCR, kipimo cha maabara kinachotambua aina ya mbu kwa vinasaba (DNA) vyake. Hifadhi mbu mkavu, mmoja kwa kila kichupa, na chembe za silika za kunyonya unyevu. Kwenye picha ya jeli inayoonyesha vipande vya DNA, *gambiae* anatoa mstari wa urefu wa jozi za besi 390, *arabiensis* 315, na *merus* karibu 465.

Anavumiliaje? Kiluwiluwi wa maji baridi ana kazi ya kuzuia chumvi yake isitoroke mwilini. Kwenye maji chumvi mambo yanageuka: maji ndiyo yanayotoroka, na chumvi inaingia. Anopheles wanaostahimili chumvi hubadilisha kazi ya sehemu ya mwisho ya utumbo: pampu za sodiamu zinahamia kwenye seli nyingine, na chumvi ya ziada inasukumwa nje. Wengine hawana uwezo huo wa kugeuza.

Hatua ya 5: Usimchanganye na mbu wa kaa

Ukiumwa mchana kweupe ukiwa mikokoni, usimlaumu *merus*. Yeye ni wa usiku. Aliyekuuma yaelekea ni Aedes pembaensis, aliyepewa jina la Pemba mwaka 1901. Huyu anakulia kwenye maji yaliyomo ndani ya mashimo ya kaa. Mayai yake yalitafutwa muda mrefu bila kuonekana, hadi yalipogunduliwa miaka ya 1950 yakiwa yamegandishwa kwenye miguu ya kaa mwenyewe. Kaa akishuka shimoni kwenye maji, mayai yanashuka naye. Kata haifiki huko. Utahitaji mpira mwembamba na pampu ya mkono.

Pia ukisoma mtandaoni habari za mbu wa mabwawa ya chumvi wa Marekani au Australia, soma kwa tahadhari. Wale ni Aedes, wanataga kwenye tope lenye unyevu, na mayai yanangoja bamvua lijalo ndipo yaanguliwe yote kwa pamoja. Wa kwetu anataga juu ya maji. Ratiba zao usizinakili.

Hatua ya 6: Pima hatari kabla ya kutangaza hatari

Viluwiluwi kwenye dimbwi bado si ugonjwa. *Merus* anakunywa damu ya mtu na ya ng'ombe pia, na mara nyingi anauma nje. Kwa miaka mingi aliwekwa kundi la waenezaji wa pembeni. Hata hivyo mbu wa aina hii wenye vimelea vya malaria wamekutwa pwani ya Kenya na kusini mwa Msumbiji, na anahusishwa pia na matende na mabusha.

Malaria inataka mbu mzee. Akinyonya damu yenye vimelea leo, zinapita siku 10 hadi 14 ndipo tezi zake za mate ziwe na uwezo wa kuambukiza. Wengi wanakufa kabla. Matende ni polepole zaidi: mnyoo hauzaliani ndani ya mbu, hivyo mtu huumwa mara nyingi sana, kwa miezi au miaka, ndipo ugonjwa ushike. Dengue mwondoe kwenye hesabu hii. Hiyo ni kazi ya Aedes aegypti wa mapipa na matairi.

Kwa hiyo jiulize maswali haya kwa kila dimbwi lenye viluwiluwi. Nyumba ya karibu iko wapi? Nani anakaa nje usiku: mlinzi wa jaruba, wavuvi wanaongoja maji, mama anayekaanga samaki barazani? Zizi liko upande gani? Kisha tega mtego wa mwanga nje, karibu na watu hao, usiku mzima. Mtego wa ndani peke yake utakudanganya kuhusu mbu anayeuma nje. Chandarua kinabaki cha lazima, ila mlinzi halali ndani ya chandarua. Yeye anahitaji nguo ndefu na dawa ya kupaka.

Hatua ya 7: Chagua dawa ya dimbwi, si ya msitu

Usikate mikoko. Ni kosa kisheria bila kibali, na dimbwi likikosa kivuli hakuna kitu ulichotatua. Usimwage oili chafu. Utaua kaa na kamba wanaolisha kijiji.

Dimbwi dogo la tairi au shimo la udongo, lifukie. Lililo karibu na mkondo, chimba mfereji mwembamba usiozidi sentimita 30 kina, ili maji yatembee na samaki wadogo waingie. Njia hii imetumika sana Queensland, Australia. Pata kibali cha ofisi ya misitu kwanza, na ukubaliane na mwenye jaruba.

Palipobaki, tumia kiuadudu cha bakteria aina ya Bti, ambacho kinafanya kazi hata kwenye maji ya chumvi. Kiluwiluwi lazima akimeze. Pupa hali chochote, na kiluwiluwi aliyekaribia kuwa pupa anaacha kula, kwa hiyo ukichelewa hadi siku ya 10 umemwaga pesa. Nyunyiza siku ya 4 hadi ya 6 baada ya kilele cha bamvua, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, kisha rudi baada ya siku 2 ukachote tena mara 10 palepale. Ukikuta pupa wengi na viluwiluwi wachache, usisherehekee: ulichelewa. Kwa bamvua lijalo, nyunyiza mapema zaidi.